Swali la Lugha: Spishi gani hiyo?

SWALI: Naandika makala kuhusu Southern Hound, mbwa wa kuwinda wa Uingereza ambao hawapo tena. Niseme "aina ya mbwa iliyotoweka" au "aina ya mbwa waliotoweka"? Kichwa nimeshakipata: "Spishi Iliyopotea".

JIBU: Iliyotoweka ni aina, basi andika "iliyotoweka". Ukiwataka mbwa wenyewe, iondoe aina useme "mbwa waliotoweka". Hilo limekwisha. Sasa tuje kwenye hicho kichwa.

Spishi ni neno la Kilatini lililotufikia kwa mkono wa Kiingereza, wala halina kosa. Wakosaji ni sisi tunaolipachika kila penye manyoya. Nasoma spishi ya kuku wa mayai, spishi ya mbuzi wa maziwa. Kesho nitasoma spishi ya mashemeji. Ndugu yangu, spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao, na mbwa wote ni spishi moja, kuanzia koko wa jalalani hadi yule anayelalia kochi la tajiri. Dodo wa Morisi (ndege, si embe) alikuwa spishi, na alipokwisha, akawa amekwisha.

Southern Hound hakuisha hivyo. Alikuwa mbwa mzito, masikio yananing'inia, sauti nene, mwendo wa taratibu. Akishanusa njia ya sungura haiachi, na msasi aliweza kumfuata kwa miguu. Karne ya 18 mabwana wa Uingereza wakatamani mbio: mbweha mbele, farasi nyuma. Hugo Meynell wa Leicestershire, aliyeanza kuongoza kundi lake la mbwa mwaka 1753, akawa anazalisha mbwa wa kasi. Mzee wetu akapandishwa na wepesi, wakazaliwa machotara, machotara nao wakazaana, hata wa asili akakosekana. Beagle wa leo anatajwa kuwa mmoja wa wajukuu zake. Hebu niambie, spishi gani hiyo inayooa na kuolewa na jirani zake wote?

Mfugaji wa ng'ombe hahangaiki hivi. Yeye husema "mbegu", na kila mtu mnadani anamwelewa. Ukiona mbegu inanuka zizi, baki na aina yako, sitakugombeza.

Na hiyo "iliyopotea" iondoe pia. Mbwa aliyepotea hurudi jioni kuulizia ukoko. Huyu katoweka.

"Mbwa hii" sijaigusa kwa kuwa hukuiandika. Nakushukuru.