Usiache kalkulasi, mdogo wangu: jibu kwa mwenye GPA ya 3.3

Usiipeleke hiyo fomu ya kuacha kalkulasi. Kama umeshaipeleka, kesho asubuhi wahi ofisini ukaombe irudishwe.

Kwa ambao hawajasoma swali: mdogo wetu yuko darasa la kumi na mbili Marekani, GPA yake, yaani wastani wa alama zake zote (A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2), ni 3.3 kwa sababu darasa la kumi lilimwendea vibaya, na anataka kuomba vyuo vinavyochuja sana. Ameuliza kuhusu masomo ya mwaka wa mwisho, mtihani wa SAT wa kuombea vyuo, insha na barua za walimu. Katikati ya maelezo akaandika kwamba ameshauriwa aache kalkulasi ya AP na kemia ya AP (AP ni masomo ya sekondari yenye ugumu wa chuo), achukue masomo mepesi, apate A tupu, GPA ipande. Nilipofika hapo sikuendelea kusoma. Hilo ndilo kosa nililofanya mimi, neno kwa neno, na limenigharimu miaka miwili.

Mimi pia niliharibu darasa la kumi. Tulihama katikati ya mwaka, nikaingia shule mpya mwezi wa pili. Kwenye kemia wenzangu walikuwa sura ya tisa, mimi nilikotoka tulikuwa bado sura ya tano. Nikapata C mbili, kemia na jiometri, na B za kuungaunga. Darasa la kumi na moja nikakaza. Nilikuwa nabaki maktaba mpaka mlinzi anazima taa za upande wa pili, na mwaka ukaisha na A tatu, moja ikiwa ya fizikia, somo ambalo wengi wanalikimbia. Ukiisoma transkripti yangu, ile karatasi ya alama za miaka yote, kutoka juu kwenda chini, ulikuwa unamwona mtu anapanda ngazi.

Ndipo mama akalipa mshauri wa vyuo, mtu wa nje ya shule. Dola 1,800, hela ya zamu za usiku. Yule bwana akaitazama transkripti yangu kwa dakika kama tatu hivi, akatikisa kichwa, akasema: "Vyuo vinataka A. Hakuna mtu atakuuliza A umeipata kwenye somo gani." Akanipangia ratiba mpya: niache kalkulasi ya AP na biolojia ya AP, niweke takwimu za kawaida na ufinyanzi. Nilimwamini, maana alivaa suti na alizungumza kama mtu anayewajua watu wa ofisi za udahili.

Fomu ya kubadili somo ilihitaji sahihi ya mwalimu. Mwalimu wa kalkulasi aliishika, akaiweka mezani, akafunika kalamu yake. Akaniuliza, "Unaenda wapi na wewe ndiyo kwanza umeanza kuelewa?" Nikamwambia ni kwa ajili ya vyuo. Akakaa kimya muda, akasaini. Ule ukimya naukumbuka mpaka leo, kwa sababu alijua, na mimi sikumpa nafasi ya kusema.

Muhula ule nikapata A sita. Niliomba vyuo saba, sita vikanikataa, kimoja kikaniweka kwenye orodha ya kusubiri na hakikuniita.

Sasa tupige hesabu ambayo yule bwana hakuipiga, na wewe chukua kalamu uipige mwenyewe. Tuseme ni masomo sita kwa muhula, na tangu darasa la tisa umeshamaliza mihula sita. Hizo ni alama 36. GPA yako 3.3 mara 36 ni pointi 118.8. Ukichukua masomo mepesi muhula huu ukapata A zote sita, unaongeza pointi 24, inakuwa 142.8, gawanya kwa 42: 3.40. Ukibaki na kalkulasi na kemia ukapata B kwenye hayo mawili na A kwenye manne yaliyobaki, unaongeza 22, inakuwa 140.8, gawanya kwa 42: 3.35.

Tofauti ni 0.05. Hicho ndicho unachonunua. Na shule nyingi huongeza pointi moja kwa somo la AP zikikokotoa GPA yenye uzito, maana yake B ya kalkulasi ya AP inahesabiwa 4, sawasawa na A ya somo la kawaida. Hapo hata hiyo 0.05 haipo.

Subiri, kuna baya zaidi. Hiyo GPA mpya itaonekana lini? Vyuo vingi vinavyopokea maombi ya mapema vinafunga tarehe 1 Novemba au karibu na hapo. Siku hiyo muhula wako wa kwanza haujaisha. Alama watakazoziona zinaishia darasa la kumi na moja, 3.3 ile ile, uache kalkulasi au usiache. Vyuo vikuu vya UC, yaani University of California, ndiyo kabisa: GPA yao inahesabu masomo ya kuanzia kiangazi baada ya darasa la tisa mpaka kiangazi baada ya darasa la kumi na moja. A zako za mwaka wa mwisho haziingii humo hata moja. Wanachokiona hao wa maombi ya mapema na UC cha mwaka wa mwisho ukituma maombi ni majina ya masomo. Yaani unataka kupunguza kitu wanachokiona ili uongeze kitu wasichokiona.

Na wanaangalia sana. Ukijaza Common App, fomu moja ya mtandaoni inayopokelewa na vyuo vingi, unaandika mwenyewe orodha ya masomo unayosoma mwaka huu. Halafu mshauri wa shule yako anajaza ripoti yake kando, na humo anaulizwa: ukimlinganisha mwanafunzi huyu na wenzake wanaojiandaa kwenda chuo, masomo aliyochagua ni magumu kiasi gani? Kuna ngazi tano, kuanzia yasiyo magumu mpaka magumu kuliko yote. Ni tiki moja tu. Pembeni yake inatumwa karatasi ya maelezo ya shule inayoonyesha shule inafundisha AP ngapi. Kwa hiyo hawakupimi kwa shule ya jirani yenye AP 25, wanakupima kwa kile ulichowekewa mezani ukakila au ukakiacha. Shule yako ikiwa na AP nne tu, hizo nne ndizo kipimo chako. Baadaye mshauri anatuma ripoti ya katikati ya mwaka, na mwisho wa mwaka ripoti ya mwisho. Hakuna mahali pa kujificha.

Kama huniamini, tafuta hati inayoitwa Common Data Set ya chuo unachokitaka. Vyuo vingi vinaiweka wazi kila mwaka. Nenda sehemu ya C7, wanapotaja uzito wa kila kigezo. Mstari wa kwanza kabisa ni ugumu wa masomo ya sekondari. GPA ina mstari wake peke yake, chini. Mimi hati hii niliijua nikiwa nimeshakataliwa kote. Mtu aliyepokea dola 1,800 za mama yangu hakuwahi kuitaja, na ni hati ya bure. Hilo linaniuma kuliko barua zote za kukataliwa. Sisi hatukuwa na ndugu aliyesoma huko wa kumuuliza, tukanunua ushauri kwa imani, tukauziwa mbuzi kwenye gunia. Wapo washauri waaminifu, nimekutana nao baadaye, lakini mtu akikupangia masomo kabla hajakuuliza C zako zilitoka wapi, mshukuru uondoke.

Nilijuaje kwa hakika kwamba ni hilo? Nikaenda chuo cha jamii, kile cha miaka miwili ambacho unaweza kukitumia kuhamia chuo kikuu, na mwaka wa pili akaja afisa wa udahili kuongea na wanaotaka kuhamia vyuo vikuu. Nikampelekea transkripti yangu ya sekondari, nikamwomba anisomee kama anavyomsomea mwombaji. Akapita darasa la tisa, akapita zile C mbili za darasa la kumi bila kusema kitu, akatabasamu kidogo alipofika kwenye A ya fizikia. Halafu kidole chake kikasimama darasa la kumi na mbili, kwenye neno ufinyanzi. Akauliza, "Hapa kulitokea nini?" Zile C nilizozikimbia mwaka mzima hakuzigusa. Kilichomsimamisha ni A.

Kwa mtu kama wewe na mimi, mwenye doa darasa la kumi, mwaka wa mwisho ni ushahidi. Ukipata B kwenye kemia ya AP baada ya kupata C kwenye kemia ya kawaida, umeshajibu swali ambalo insha haiwezi kulijibu: je, huyu atamudu masomo ya chuo chetu? Ukiacha kemia, umewaachia wakisie, na wao wana waombaji wengine maelfu ambao hawana haja ya kukisiwa.

Sisemi ujitwishe AP sita ufe nazo. Kama mwezi wa kwanza umeisha na kila jaribio ni D, hapo nenda kaongee na mwalimu, shuka ngazi moja kwenye somo hilo hilo, siyo kulitupa. UC wanataka angalau C kwenye masomo yao ya lazima, na chuo chochote kinaweza kuondoa nafasi kiliyokupa ukimaliza mwaka na D. B ni salama. C moja inaelezeka. Na ukibadilisha ratiba baada ya kutuma maombi, unatakiwa uwajulishe, usidhani hawatajua.

Hiyo C ya darasa la kumi itaje. Common App ina kisanduku cha changamoto na mazingira, maneno 250. Sentensi nne zinatosha: kilichotokea, lini, kiliathiri nini, nini kimebadilika. Usiilalamikie. Mshauri wa shule naye mwambie, aiandike kwenye barua yake, maana ikitoka kwake ina nguvu zaidi. Mimi nilikatazwa kuitaja kabisa, eti nitaamsha aliyelala. Hakuna aliyelala pale, kazi yao ni kusoma alama.

SAT sina mengi. UC hawaiangalii kabisa, MIT waliirudisha mwaka 2022 na Dartmouth wakafuata kwa tangazo la 2024, kwa hiyo angalia chuo kimoja kimoja.

Na kama mambo yatakwenda kombo, njia ya chuo cha jamii ipo. Mimi nilirudia nilichokiacha: kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, A zote. California kuna mpango wa TAG, unaokuhakikishia nafasi ya kuhamia kampasi moja kati ya sita za UC ukitimiza masharti, na maombi yake hupokelewa mwezi Septemba. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Nilihamia kwa njia hiyo na sijutii masomo niliyoyapata, ila darasa lile la kalkulasi nilikaa nikiwa na miaka ishirini nikifundishwa kitu ambacho nilikuwa nimeshaanza kukielewa nikiwa na kumi na saba.

Shule nyingi dirisha la kubadili masomo hufungwa wiki chache tu baada ya kufungua. Kesho nenda kwa mshauri wa shule, muulize swali hili hili: "Ukijaza ripoti yangu leo, ile tiki ya ugumu wa masomo utaiweka ngazi gani, na nikiacha haya mawili utaiweka wapi?" Mwache ajibu mpaka amalize. Kisha mpitie mwalimu wako wa kemia, umwambie unabaki. Ukirudi tuandikie hapa walichosema, nasubiri.