Mwali upo au haupo? Maswali yenu kuhusu vali za gesi

Nimefunga sensa ya joto karibu na kichomeo. Ikipoa, vali inajifunga. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni muda. Chuma kilichoiva moto hakipoi papo hapo. Upepo ukizima mwali, sensa yako itaendelea kusema kuna joto huku gesi mbichi inamwagika. Thamokapo za hita za maji, yaani sensa zinazozalisha umeme kidogo zikipashwa moto, zina kasoro hiyohiyo: hutoa takriban milivolti 30, zinazotosha kuishikilia sumaku ya vali, na mwali ukizimika zinaweza kuchukua nusu dakika au zaidi kuiachia. Kwa kifaa kidogo hilo linakubalika. Kwa kichomeo kikubwa halikubaliki hata kidogo. Huko vali inapaswa kufungwa ndani ya sekunde chache, mara nyingi moja tu.

Fimbo moja ya chuma inajuaje kuwa moto unawaka?

Swali hili nalipenda. Mwali hupitisha umeme, kwa kuwa ndani yake mna ayoni na elektroni huru. Fimbo inapewa umeme wa mkondo geu, yaani unaokwenda na kurudi, na kichomeo kinaungwa na erthi. Kwa kuwa uso wa kichomeo unaoguswa na mwali ni mkubwa kuliko wa fimbo, yapata mara nne au zaidi, umeme hupita kwa urahisi upande mmoja na kwa shida upande wa pili. Kinachopimwa ni huo mwegemeo: mikroampea chache tu.

Sasa tazama. Waya ukikatika, hakuna mkondo. Fimbo ikigusa kichomeo, mkondo unapita sawasawa kwenda na kurudi, kwa hiyo mwegemeo haupo. Unyevu ukivujisha umeme kwenye kauri inayoishikilia fimbo, ni vilevile. Hitilafu zote hizo zinasomeka "hakuna mwali", na vali inafungwa. Ndiyo maana kila ninapoletewa sensa mpya huuliza kwanza: ikiharibika, itasema nini?

Kichomeo changu kinawaka, kisha kinakata baada ya sekunde chache. Nibadilishe kidhibiti?

Usinunue kitu bado. Funga gesi, zima umeme, toa fimbo uisugue kwa msasa laini. Niliwahi kutoa fimbo iliyoonekana safi kabisa kwa macho. Msasa ulipopita, unga mweupe ulibaki kidoleni. Utando wa namna hiyo haupitishi umeme. Kagua pia waya wa erthi wa kichomeo, maana ukilegea mkondo hauna njia ya kurudi. Na tafadhali, usiiunganishe fimbo kwa ujanja wa waya ili "iendelee kuwaka".

Sensa ya mwanga je?

Inayoona mwanga wa kawaida au infraredi itadanganywa na taa, jua, au matofali ya tanuri yaliyobaki mekundu. Ya infraredi afadhali iwe inayotafuta kuchezacheza kwa mwali. Iliyo bora zaidi kwa gesi ni ya urujuanimno inayosoma kati ya nanomita 185 na 260 hivi: mawimbi hayo ya jua huzuiwa na ozoni, lakini mwali unayatoa. Ila spaki ya kuwashia nayo huyatoa, kwa hiyo usisome wakati spaki inapiga.

Naweza kuiachia maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) kazi yote?

Hapana. Programu hukwama, na rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, huganda ikiwa bado inapitisha umeme. Nunua kidhibiti cha mwali kilichoidhinishwa kwa kazi hiyo. Maikrokontrola yako iombe tu moto, isiwe na uwezo wa kufungua vali yenyewe. Vali ziwe mbili kwa mfululizo, za springi, zinazojifunga umeme ukikatika. Kidhibiti kizuri hupuliza hewa kabla ya kuwasha, na kikishindwa hujifunga mpaka mtu aje akibonyeze kwa mkono. Kina tabia nyingine ninayoithamini sana: kikiona mwali kabla hakijafungua gesi, hukataa kuanza, kwa sababu hapo sensa inadanganya au vali inavuja.