Maneno ya 1 Yohana 5:8 yaliyo ndani ya mabano

Swali: Mchungaji, shalom. Katika Biblia yangu, 1 Yohana 5:8, maneno "mbinguni, Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja" yamewekwa ndani ya mabano. Jirani yangu Mwislamu anasema yaliongezwa na watu. Nimjibu nini?

Jibu: Shalom, ndugu yangu. Mwambie kwamba kuhusu maneno hayo amesema kweli.

Hayamo katika nakala kongwe za Kigiriki, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zote za karne ya 4. Yanaonekana kwanza kwa Kilatini, huko Hispania, mwishoni mwa karne hiyo. Yaelekea msomaji fulani aliona Roho, maji na damu, waliotajwa katika mstari huo huo, kuwa mfano wa Utatu, akaandika wazo lake pembeni mwa ukurasa. Wanakili nao walikuwa na desturi ya kuandika pembeni maneno waliyoyaruka. Basi aliyenakili baadaye angejuaje lipi ni sahihisho na lipi ni maelezo? Akayaingiza yote. Mimi sioni hila hapo. Naona mtu aliyeogopa kupoteza neno la Mungu.

Erasmus, msomi wa Uholanzi, alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 hakuyaweka, akalaumiwa vikali. Aliyatia katika chapa ya tatu, 1522, baada ya kutokea nakala moja yenye maneno hayo, nayo iliandikwa zama zake mwenyewe! Kutoka hapo yakaenea, hata yakaingia katika Biblia ya Kiingereza ya 1611.

Lakini jirani akisema Utatu wenyewe umejengwa juu ya mstari huu, hapo usikubali. Athanasio, askofu wa Aleksandria, alishindana na Waario, waliokana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, miaka mingi baada ya Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, na katika hoja zake dhidi yao maneno haya hayamo. Angekuwa nayo angeyaachaje? Alishika Yohana 1:1, Yohana 10:30 na agizo la ubatizo la Mathayo 28:19.

Nawe ukifundisha Utatu, anzia hapo. Mstari wa 8 usome bila yaliyo ndani ya mabano: Roho, na maji, na damu. Wengi wetu tunaona humo ubatizo wa Yesu na msalaba wake, na jambo hilo ndilo Yohana analolishuhudia tangu mstari wa 6.