Wakikuita nubu wamekutukana au wamekukaribisha?

Swali la leo limetoka kwa msomaji anayecheza gemu za mtandaoni. Anasema kila akikosea kidogo tu wenzake wanamwandikia "noob" kwenye chati, mdogo wake anamwambia hilo ni tusi asikubali, rafiki yake anamwambia tulia hiyo maana yake mgeni tu, sasa anauliza nani yuko sahihi, neno limetoka wapi na kwa Kiswahili aliandikeje.

Ndugu yangu, wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja ameshika kipande chake.

Mzazi wa neno hili ni "newbie", yaani mtu aliyeingia jana. Lilivuma sana kwa askari wa Marekani kwenye vita vya Vietnam miaka ya 1960. Kule askari wa kawaida alikuwa anakaa kama mwaka mmoja hivi alafu anarudishwa kwao, kwahiyo vikosi havikuwa vinabadilishwa kwa mkupuo, anaondoka mmoja mzoefu anakuja mmoja mpya, na huyo mpya hajui pa kukanyaga, kosa lake moja linaweza kuua wenzake. Ndo maana neno lilikuwa na ukali tangu mwanzo, wenyewe walikuwa wanamuogopa mgeni.

Na hapa Kiswahili kinanifurahisha kweli, maana sisi pia neno la mtu mpya asiyejua kazi tumelitoa jeshini: kuruta! Limetoka kwenye neno la Kiingereza la askari anayeandikishwa, likaingia kambini, likatoka kambini likaja mtaani, leo hata aliyeanza kazi juzi ofisini anaitwa kuruta. Njia ni ileile kabisa.

Baada ya jeshi neno likahamia kwenye kompyuta. Kwenye Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza 1980, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walikuwa wanaingia kwa wingi wanauliza maswali yaleyale hawajui taratibu, wazoefu wanawavumilia mpaka wanazoea. Kuanzia 1993 milango ilipoanza kufunguliwa kwa watu wote wageni hawakukatika tena, wazoefu wakaiita ile Septemba isiyoisha. Neno likafupishwa, likabadilishwa tahajia likawa "noob", na kwa wale waliokuwa wanapenda kuandika tarakimu mahali pa herufi likawa "n00b", zile mbili za katikati ni sifuri.

Hapo ndipo maana ikagawanyika. Kwa wachezaji wengi "newbie" ni mgeni anayejifunza, hana kosa. "Noob" ni yule anacheza mwaka wa tatu huu, ameelekezwa mara kumi, bado anakimbia peke yake mbele anakufa alafu analaumu timu. Tofauti ni nia ya kujifunza, muda haujalishi. Ila kwenye mechi yenye joto hakuna anayepima hivo, wanatupia tu.

Kiswahili kina majina ya kutosha kwa hawa watu. Anayejifunza ni mwanagenzi, neno zuri sana tunaliacha lilale bure, lilikuwa la kijana anayejifunza kazi kwa fundi. Wengine wananiambia noob ni limbukeni, mi sikubali. Limbukeni linatokana na kulimbuka, kuonja mazao ya kwanza ya msimu, kwahiyo ni mtu aliyepata kitu kipya anakiringia, na noob anaweza asiringe kabisa, hajui tu. Kwa maana ya mgeni kuruta ndo linakaribia zaidi.

Lakini kama vijana wameshalichukua hilohilo basi waliseme kwa sarufi yetu: nubu, wingi manubu, kama kuruta na makuruta, na upatanisho uwe wa watu, nubu huyu amekufa tena, manubu hawa hawasikii. Ukitaka dharau Kiswahili kinakupa kiambishi, linubu hili limetuangusha, hapo hakuna wa kuuliza kama umetukana. Yaani kile ambacho Kiingereza kimekitafuta kwa kubadilisha tahajia sisi tunakipata kwa silabi moja mbele.

Kwahiyo msomaji wangu, ukiandikiwa nubu siku ya kwanza jibu tu ndiyo mi mgeni nielekezeni, wengi watakuelekeza. Ukiandikiwa linubu, mdogo wako ndo alikuwa sahihi, ila usimjibu, mzime sauti uendelee kucheza.

Na tafadhali usiandike "noobu". Kwetu o mbili zinasomwa kama kwenye choo na koo, andika u.