Zile stempu saba

Mwanangu, waalaykumu salamu. Sie wazima, goti la mama yako tu ndo linamsumbua na mvua hizi. Umeniuliza kama nishamjua alieniletea zile stempu saba. Hebu nikuhadithie.

Bahasha kaileta mchukuzi wa boti hapa Mkoani, Pemba, anasema kapewa Malindi ya Unguja na mtu hamjui, juu jina langu basi, la alieleta hakuna. Mama yako akasema usiifungue hiyo, huenda mna uchawi, nikamwambia mchawi gani huyo anatia na kadibodi isikunjike.

Ndani stempu za Sultani Abdullah bin Khalifa za 1961, zimegongwa JAMHURI 1964. Mapinduzi yalikuwa Januari 12, posta imejaa sura za Sultani na mpya hakuna, basi zilezile zikagongwa muhuri kwa mkono, baadae ndo zikaja zilochapwa kwa mashine, maneno yamenyooka. Za mashine n'nazo. Za mkono ndo zilonishinda miaka yote, na ndo rahisi kughushi, muhuri wa mpira nani hawezi kuchonga? Hii moja yenye picha ya karafuu nimeitizama kwa lenzi mpaka jicho likatoa chozi, muhuri umekwenda upande ukampiga Sultani usoni, J wino umejaa, ile 4 ya mwisho imefifia, unaona kabisa aliekuwa akigonga kachoka. Na nyuma gundi yake ipo bado! Joto letu hili gundi haikawii kushika karatasi, nimezitenga mbalimbali.

Nilimshuku kwanza sahibu yangu wa Wete, lakini yule hata iliochanika hatoi bure. Jana usiku usingizi hauji nikaisoma tena meseji yako. Mama yako nilimwambia stempu, mjomba wako nilimwambia stempu, idadi sijamtajia mtu. Wewe saba umeijulia wapi?

Basi n'ambie umezinunua kwa nani na kakutoza ngapi, usinifiche, sikugombezi. Sita ziko sawa, naona. Ile iliokwishatumika wino wa JAMHURI umepita juu ya wino wa muhuri wa posta, na ungepasa uwe chini yake, maana stempu hugongwa JAMHURI kwanza ndo ikauzwa ikabandikwa barua. Huyo alokuuzia nipe namba yake, nataka kuzungumza nae.

Babako