Nitajuaje kuwa orodha ya yadi anayouza ni yangu?

Swali: Assalam aleikum, fundi. Miaka minne nimezunguka na simu kutoka Shimanzi hadi Mariakani nikikusanya yadi za makontena, maghala na gereji: jina, nambari ya simu na viwianishi vya GPS vya lango. Imefika mistari 6,000, nawauzia wenye malori. Juzi nimeona mtu anauza orodha kama yangu, nikimuuliza anasema naye alizunguka. Nasikia data hutiwa alama ya maji. Ni kweli? — Dada wa Changamwe

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Ni kweli, ila kwa orodha iliyokwisha kutoka umechelewa. Kwa hiyo, tafuta makosa yako mwenyewe ndani yake. Jina uliloliandika vibaya, yadi iliyofungwa zamani ukasahau kuifuta: mtu aliyezunguka kwa miguu yake hawezi kukosea pale pale ulipokosea wewe.

Sasa tuje kwenye toleo lijalo. Noti ukiimulika unaona kichwa cha simba: hiyo ndiyo alama ya maji. Data haina karatasi, kwa hiyo alama hufichwa kwenye tarakimu zenyewe. Njia hii ilielezwa na watafiti wa kompyuta Rakesh Agrawal na Jerry Kiernan mwaka 2002. Unachukua ufunguo wa siri unaoujua wewe tu, unauunganisha na kitambulisho cha mstari (kitu kinachoutofautisha na mingine), unapitisha kwenye HMAC-SHA256, yaani hesabu ya kompyuta inayovichanganya viwili hivyo, unapata nambari ndefu isiyotabirika. Nambari hiyo ndiyo inayoamua kama mstari umechaguliwa (tuseme mmoja katika kila kumi), na kama tarakimu ya tano baada ya nukta iwe shufwa au witiri.

Mfano, lango la Shimanzi lenye latitudo -4.05213. Ufunguo unataka shufwa, unaandika -4.05214. Umelisogeza lango kama mita moja. Simu yenyewe hukosea zaidi ya hapo, na dereva wa trela hatajua. Nambari za simu usiziguse kabisa! Ukibadilisha tarakimu moja, mteja wako atampigia mama wa watu Likoni.

Mistari 600 itakuwa na alama. Ukishuku orodha ya mtu, huhitaji hata nakala yako ya asili, ufunguo watosha. Aliyekusanya mwenyewe atalingana nawe kwenye mistari kama 300, sawa na kurusha shilingi. Ikipita 350, hapo si bahati tena. Akifuta nusu ya orodha, 300 iliyobaki bado italingana karibu yote.

Anaweza kukata desimali zibaki tatu, na alama itakufa. Lakini lango linaweza kuhama mita hamsini au zaidi, na huko kwenu Changamwe hiyo ni yadi ya mtu mwingine. Nani atainunua?

Udhaifu ninaouogopa zaidi ni kitambulisho. Ukitumia namba za mpangilio 1, 2, 3, mwizi atazipanga upya na hutapata kitu. Mimi ningetumia tarakimu tatu za kwanza baada ya nukta, za latitudo na longitudo pamoja, kwa kuwa hizo hawezi kuzigusa bila kuharibu mali. Na nakala ya kila mteja itie alama kwa ufunguo wake tofauti, unaobaki nao wewe, ili ujue nani aliyevujisha. Wateja wawili wakilinganisha nakala zao wataona tofauti, hilo lipo.

Alama haimzuii mwizi kuingia. Nenosiri na ruhusa za kusoma bado ni kazi yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatambua data iliyokusanywa kwenye kompyuta kama kazi ya maandishi, kwa hiyo ushahidi huu una pa kwenda.

Huyo bwana naye anaweza kutia alama yake juu ya yako, kisha adai mali ni yake. Hapo mwambie alete nakala yenye alama yake bila yako. Wewe ya kwako unayo, iweke kwa wakili pamoja na ufunguo, kwenye bahasha iliyofungwa na tarehe juu, kabla hujauza hata nakala moja.