Kununua sukari shule ipate hela: tulivyojaribu Igombe, vizibo vya soda na yote

Mwangaluka wakuu. Mleta uzi anasema shemeji yake yuko Marekani kamwambia kule mzazi akinunua tu vitu vya kula nyumbani shule ya mtoto inapata hela kutoka kampuni, sasa anauliza kwa nini huku haipo na kama kuna mtu wa Mwanza kashajaribu. Mi nimejaribu mara mbili. Ya kwanza ilituaibisha, ya pili inatembea mpaka leo. Nipo Igombe huku Ilemela, nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wanakosoma wanangu. Ni ndefu, kama una haraka pita tu.

Shemeji yako hajakudanganya. Ile ya Marekani maarufu inaitwa Box Tops for Education, ni ya General Mills, kampuni ya vyakula, hawa wenye Cheerios ile nafaka ya kunywea chai asubuhi, ilianza 1996 kule California. Kwenye boksi kulikuwa na kialama kidogo, mzazi anakikata na mkasi, mtoto anakipeleka shuleni, shule inakusanya inatuma, kila kimoja senti 10 za dola. Kuanzia 2019 wakaanza kuachana na mkasi, siku hizi unaskani risiti kwenye simu. Waingereza nao, supamaketi yao ya Tesco walianza kugawa vocha za kompyuta za mashule mwaka 1992, Afrika Kusini wana kadi ya MySchool tangu 1997, unaipitisha dukani na duka linatoa asilimia kidogo kwa shule uliyoichagua. Kwa hiyo kitu kipo na shule zimepata hela za kweli.

Ila shemeji hajakwambia upande wa pili. Mwaka 2003 hao hao Waingereza, Cadbury walitoa mpango wa kukusanya makaratasi ya chokoleti shule ipewe vifaa vya michezo, watu wakapiga hesabu wakakuta seti ya nguzo na neti ya voliboli inataka chokoleti 5,440. Elfu tano mia nne na arobaini! Watoto wale chokoleti zote hizo afu ndo wacheze voliboli wapungue. Ilipigiwa kelele sana. Hiyo hesabu ningeijua mapema ningekuwa na akili siku alipokuja yule jamaa wa sabuni.

Jamaa mwenyewe alikuwa afisa masoko wa kampuni moja ya sabuni ya unga, jina naliacha. Kaja na gari la matangazo, spika, fulana, akaomba kuongea na kamati. Maneno matamu: kila pakti tupu ya sabuni yao shule inapata shilingi 50, muhula mzima, wakusanyeni tu. Tukapiga makofi. Mwalimu mkuu akatoa kona ya stoo, tukaweka viroba viwili.

Wee, watoto walivyoingia kazini. Wanaojua Igombe wanajua akina mama wanafulia ziwani, kwenye yale mawe, na pakti zinabakia pale pale. Ndani ya wiki mbili ufukwe ulikuwa msafi haujawahi kuwa hivyo, watoto wanarudi na pakti zimelowa, zina mchanga, nyingine zimeshikana na magamba ya samaki, wanazianika kwenye fensi ya shule kama dagaa. Mpaka hapo raha. Siku moja mwenye duka kaja shuleni kashika pakti sita MPYA zimekatwa kona kwa wembe, sabuni inamwagika, anauliza nani atalipa. Tulichanga wajumbe tukamlipa, aibu.

Mwisho wa muhula jamaa kaja kuhesabu. Tulikuwa na pakti zaidi ya elfu tatu. Akaanza kuzitenga, huku, kule, huku, kule, lile fungu la kule linakuwa kubwa tu. Kumbe zinazohesabika ni za kilo moja peke yake, vile vipakti vidogo havimo. Nikamuuliza mbona hukusema, akasema ipo kwenye vigezo na masharti. Jamani, Igombe nani ananunua sabuni kilo moja? Watu wananunua kipakti cha kufulia leo, cha kesho kitanunuliwa kesho. Zilizopita zilikuwa 412. Zidisha kwa 50 unapata shilingi 20,600. Na hiyo 20,600 ililetwa na hundi ya maboksi kubwa kama mlango, watoto wakavalishwa fulana, picha zikapigwa, gari likaondoka. Fulana zenyewe nadhani zilizidi hiyo hela mara kumi.

Kwenye kikao cha wazazi baada ya hapo kuna bibi mmoja, anamlea mjukuu, alisema kitu ambacho mimi na elimu yangu ya chuo sikukiona. Alisema, "Ng'wanawane (mwanangu), mimi unga nasaga, wa udaga (muhogo mkavu), mafuta napima, sukari napima robo. Hiyo karatasi ya kukata naitoa wapi?"

Hapo ndo jibu la swali lako mkuu. Mzungu anakata boksi kwa sababu chakula chake kinakuja kwenye boksi. Akiskani risiti ni kwa sababu anapewa risiti. Huku kwetu matumizi mengi ya nyumba ni vitu vya kupima, na kipimo hakina karatasi wala risiti wala nembo ya kampuni. Kwa hiyo kampuni ikileta mpango wa pakti inakuwa inawapa shule za wenye uwezo wa kununua kilo nzima, wale wa mjini kwenye masupamaketi, na shule yenye madawati yamevunjika inaambulia picha. Anayejua umenunua nini ni mtu mmoja tu, mwenye duka.

Basi tukaenda kwa mama mmoja mwenye duka la jumla na rejareja karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Tukamwambia kila mzazi wa shule akinunua kilo ya sukari, au lita ya mafuta, au kilo ya mchele, wewe utoe shilingi 20. Robo nne zinahesabika kilo, hiyo ilikuwa ya yule bibi. Akauliza yeye anapata nini, tukamwambia wazazi wote watakuja kwako. Akakubali. Kuhesabu tukatumia vizibo vya soda: anaponunua mzazi kizibo kimoja kinaingia kwenye ndoo ya rangi iliyoandikwa jina la shule, mzazi anakitumbukiza kwa mkono wake mwenyewe. Wanunuzi wa robo wana kikadi, wakifikisha vistari vinne wanatumbukiza. Kila Ijumaa mwalimu wa zamu na mjumbe mmoja wanamwaga vizibo kaunta, wanahesabu mbele ya mama, wanaandika kwenye daftari, sahihi tatu. Hela inaenda akaunti ya shule, sio mfukoni kwa mtu, na mama anapewa stakabadhi.

Likaja suala la mkopo. Huku nusu ya watu wanachukua kwa daftari. Kizibo kinaingia siku ya kuchukua au siku ya kulipa? Tulibishana saa nzima hapo, mwisho tukasema siku ya kulipa, maana mama naye asije akatoa 20 za sukari ambayo hatalipwa. Matokeo yake ndoo yetu ikawa inafuata mwezi. Si unajua dagaa wanavuliwa giza, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapaki, hela hakuna. Wiki za mbalamwezi tunahesabu vizibo sabini, themanini. Giza likiingia watu wakauza mzigo wanakuja kulipa madeni, Ijumaa hiyo vizibo mia sita. Mwalimu wa hesabu akawachorea darasa la sita grafu yake ukutani, ukiiangalia unajua lini watu wa Igombe walikula vizuri.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa bei. Mwezi wa pili hivi mke wangu, ambaye ni muuza dagaa na macho yake ni mizani, akaniambia sukari kwa yule mama imepanda shilingi 50 na maduka mengine haijapanda. Piga hesabu: anaongeza 50, shule anaipa 20, anabaki na 30, na sisi tunamshukuru kwenye vikao! Yani mzazi ndo anachangia afu sifa anapewa duka. Tulienda watatu, kwa heshima, mama akasema nauli ya mzigo. Tukamwambia sawa mama, ila bei ikiwa juu ya jirani ndoo inahamia kwa jirani. Kesho yake bei ilishuka. Tangu siku hiyo kuna mjumbe kazi yake ni kupita maduka matatu kila Jumatatu kuuliza bei, na hiyo ndo kazi ya maana kuliko kuhesabu vizibo, nakwambia ukweli.

Muhula wa kwanza tulipata vizibo 6,870, sawa na 137,400. Madawati tisa yalikarabatiwa kwa fundi wa hapa hapa, 8,000 kila moja, rimu nne za karatasi 48,000, iliyobaki chaki. Najua kuna mtu atacheka. Kumbuka ruzuku ya serikali kwa mtoto wa msingi ni 10,000 kwa mwaka na sehemu yake inatengwa kwa vitabu, ada hakuna tangu 2016, kwa hiyo mwalimu mkuu 137,400 ya kutumia muhula huu huu anaiona kubwa.

Kama unataka kuanza huko kwenu, pitisha kwenye kamati ya shule iandikwe kwenye muhtasari, na mwone afisa elimu kata kabla ya ndoo haijakaa dukani. Michango ya lazima ilipigwa marufuku tangu 2018 na mtu mmoja tu akisema mtoto wake kasumbuliwa kisa hanunui kwa fulani mmekwisha. Sisi mwalimu haruhusiwi kutaja duka darasani. Mzazi asiyetaka kununua pale anunue anapotaka, mimi mwenyewe mchele nachukua kwingine, ule wa mama una mawe.

Sa hivi maduka ni mawili, yule jirani alikuja mwenyewe kuomba ndoo baada ya kuona wateja wanahama. Kwake tumeweka dumu la mafuta lililokatwa juu, maana ndoo zimeisha, na ananung'unika kwamba dumu halipendezi kaunta.